Aliyeiua Ngozi ya Magige

Siku Bernadetha alipoiona ngozi ya mwanawe inageuka rangi, hakuuliza ni nini kilichoiua. Aliuliza ni nani. Na jibu alikuwa nalo tayari, tena alikuwa nalo tangu siku walipofika hospitalini: Jairo.

Huyo Jairo alikuwa dresa, mtu wa kusafisha vidonda na kufunga plasta, katika hospitali moja ndogo ya misheni upande wa chini wa wilaya ya Tarime. Alikuwa Mjaluo mrefu, mpole wa kusema, na upole wake ndio uliomtia Bernadetha wasiwasi kuliko kitu kingine chochote. Mtu asiye na lake jambo atakuwaje mpole kwa Wakurya wa Nyanungu, kwao Bernadetha? Ng'ombe wa Nyanungu waliwahi kuibwa, nyayo zikafuatwa mpaka upande wa kina Jairo. Ng'ombe wa upande wa kina Jairo nao waliwahi kuibwa, nyayo zikafuatwa mpaka Nyanungu. Kesi hiyo haikuwa na mwanzo wala mwisho. Jairo mwenyewe labda hajawahi kushika hata mkia wa ng'ombe wa mtu, lakini Bernadetha hakuwa mwanamke wa kusumbuliwa na labda.

Magige alikuwa mwanawe wa kiume wa pekee, aliyekuja baada ya mabinti watupu, na baba yake, mzee Marwa, alishafariki. Ulikuwa mwaka ule wa kuhamia vijijini. Watu waliambiwa washuke kutoka milimani, kila ukoo na boma lake, wakajenge chini kwa mstari kandokando ya barabara, shule hapa, ghala pale, shamba la ujamaa kule. Magige alikuwa anashusha boriti kutoka kwenye lori la operesheni ile ya kuhama, boriti moja ikateleza, ikamchuna ugoko wa kushoto kuanzia chini ya goti mpaka karibu na kifundo. Mfupa haukuvunjika, watu wakamshukuru Mungu. Wangengoja kidogo kabla ya kushukuru, kwa sababu nyama yote ya mbele ilikwenda na boriti, mfupa ukabaki mtupu, mweupe, unatazama jua. Bernadetha akauwekea dawa za mizizi. Akampeleka zahanati. Akamrudisha nyumbani. Kidonda kilipoanza kutoa harufu ndipo alipokubali kupanda gari kwenda kwa daktari mkubwa.

Daktari mkubwa alikuwa kijana, na hilo nalo halikumfurahisha. Jina lake Kornelio, Mhaya wa Bukoba, aliyesomea kazi ya kuhamisha ngozi ya mtu kutoka mahali ilipozidi kwenda mahali ilipokosekana. Alichuchumaa mbele ya Bernadetha na kumweleza kwa Kiswahili cha taratibu. Mfupa mtupu, alisema, huwezi kuubandika ngozi nyembamba, kwa maana hauna damu ya kuilisha. Lazima ngozi ije na damu yake. Kwa hiyo atakata kipande kwenye kigimbi cha mguu wa kulia, pande tatu tu, upande wa nne auache umeshikana na mwili ili damu ipitie hapo. Kipande hicho atakikunja, akilaze juu ya ugoko wa kushoto, akishone. Miguu yote miwili itafungwa pamoja kwa plasta, ile ambayo wagonjwa wenyewe waliiita muhogo, isiachane hata kidogo, mpaka ugoko ukubali kuilisha ngozi ngeni kwa damu yake wenyewe. Hapo ndipo atakapokata ule upande wa nne, mzizi wa ngozi, na kila mguu uende zake.

Bernadetha akauliza, na ikikataa je? Daktari hakumzungusha. Ikikataa, mfupa utaoza, na mguu utakatwa chini ya goti kabla uozo haujapanda.

Bernadetha akapiga hesabu. Mwanamume wa Nyanungu mwenye mguu mmoja atalimaje na maksai? Atafuataje ng'ombe? Baba gani atampa binti? Boma la Marwa lingefungwa palepale, na yeye angezeeka akiangaliwa na wakwe zake kwa zamu. Magige alikuwa na miguu miwili alipozaliwa, na Bernadetha aliapa kwamba atarudi nayo miwili nyumbani, liwalo na liwe.

Kisha daktari akamtajia maadui wa ngozi ya kuhamishwa. Uchafu ni adui. Damu ikivia chini yake ni adui. Tumbaku ni adui mkubwa, hufunga njia za damu. Njaa, baridi, kuvutwa, kubanwa, wote hao maadui. Bernadetha aliwasikiliza mmoja mmoja, akaona daktari amemsahau Jairo.

Operesheni ilikwenda salama. Magige akalazwa chumba cha pembeni walikowekwa wagonjwa wa ngozi ili wasichanganyike na wenye kuhara na wenye kukohoa. Alilala chali, miguu imepishana ndani ya muhogo, na kwenye muhogo huo walikata dirisha dogo la kuchungulia ngozi mpya. Kitanda cha pili kilikuwa cha Abonyo, msichana mdogo aliyeungua mkono kwa uji wa moto. Yeye alibandikwa ngozi nyembamba iliyokwanguliwa pajani mwake. Daktari yuleyule, wiki ileile, dresa yuleyule. Mama yake, Dorka, alikaa kwenye mkeka upande mmoja, Bernadetha kwenye mkeka wake upande wa pili, na kati yao palikuwa na nafasi ya kupitisha toroli la dawa na maneno machache sana.

Sasa huyo Abonyo, jamani, alikuwa na mdomo. Alianza kulia Jairo akiwa bado mlangoni. Alilia bandeji ikiguswa, alilia isipoguswa, alilia inabana, alilia inawasha, alilia kuna kitu kinatembea chini yake. Dorka humshika kichwa, humwita kwa Kijaluo nyathina, nyathina, mtoto wangu, naye huzidi. Jairo hakukasirika. Alifungua bandeji, akaangalia, akakuta maji yamejikusanya chini ya ngozi, akayasukuma kwa pamba mpaka yakatoka, akafunga upya kwa kulegeza. Kesho yake kilio kingine, na Jairo akafungua tena. Asubuhi yote ikaishia kwenye kitanda kile.

Akija kwa Magige, huuliza, "Panauma?"

"Hapana."

"Panabana?"

"Hapana."

Jairo huchungulia kwenye dirisha la plasta, hubonyeza kidogo kwa kidole, huenda zake. Muda wa kutema mate tu. Na Bernadetha, aliyekaa pale chini amenyoosha miguu, alijaa fahari na sumu kwa pamoja. Fahari, kwa sababu kila aliyekuwamo chumbani aliona tofauti ya mwanawe na kale kasichana. Sumu, kwa sababu aliona pia jinsi Jairo anavyokaa kwa mtoto wa kwao na kumpita mtoto wa watu.

Fahari hiyo ilikuwa na historia yake. Magige alipotahiriwa, alisimama mbele ya ukoo mzima na kisu kikapita, hata kope hazikugusana. Kwa Wakurya hilo si jambo la kupita. Kijana akitikisika, aibu haimpati yeye peke yake. Mama yake atachekwa kisimani, atachekwa sokoni, atachekwa na wake wenzake mpaka azeeke. Asipotikisika, mama yake hutembea katikati ya njia na watu wanampisha. Bernadetha alikuwa ametembea katikati ya njia tangu siku ile. Hata pale hospitalini, kabla watu hawajajua jina la mwanawe, walishajua hakupepesa jicho. Na kila Jairo alipouliza panauma, Bernadetha alimtazama mwanawe usoni, naye Magige akamtazama mama yake, kisha akajibu.

Zikapita siku. Ngozi ya Abonyo ikashika. Jairo alipomfungua, mkono ulikuwa wa rangi ya waridi lililofifia, umelowa, hai. Dorka akapiga magoti kumshukuru Mungu kwa Kijaluo. Ya Magige ikaanza kupiga weusi pembeni, kama mahali palipogongwa. Halafu ikawa rangi ya ini. Halafu, upande wa mbele, ikawa nyeusi kavu, nyeusi isiyokuwa ya mtu.

Bernadetha hakulala na jambo hilo moyoni. Alisimama asubuhi ile, Jairo akiwa ameshika trei yake, akamzuia kwa mkono. Akamwambia asimguse tena mwanawe. Akasema yeye si mjinga, ana macho, ameona nani anafunguliwa kila siku na nani anapitwa. Akasema haiwezekani mikono ileile ioteshe ngozi ya huyu na kuua ya huyu, ila mikono hiyo iwe imeamua. Dorka akainamisha uso. Hata Abonyo alinyamaza, na hilo lilikuwa ajabu.

Na tusimwonee Bernadetha peke yake, maana Jairo naye hakuwa malaika. Alikuwa na dhana zake. Siku mbili tatu kabla ya hapo aliiona pembe ya khanga ya Bernadetha imefungwa fundo, akanusa, akajua ni ugoro. Mjane wa Kikurya kuvuta ugoro si habari, lakini Jairo akili ilimtuma moja kwa moja kwamba mama huyu anamnusisha mwanawe kwa siri, na kwamba ndiyo maana ngozi inakufa. Sasa aliposhutumiwa, alilitoa. Akasema mbele ya wote kwamba kama kuna mtu anaiua ngozi ile, basi amefunga silaha yake kwenye khanga. Bernadetha akaapa kwa Bikira Maria kwamba hajampa Magige hata chembe, na ilikuwa kweli, lakini nani wa kumwamini? Akaufungua ugoro, akaumwaga dirishani mbele ya macho ya Jairo. Kisha akakaa chini akitetemeka kwa hasira na kwa kukosa ugoro.

Daktari Kornelio hakuwapo. Alikuwa kwenye mzunguko wa zahanati za Serengeti, kule Machochwe na vijiji vya jirani, na barabara za kule zikinyeshewa hurudi mtu anaporudi. Kwa hiyo zikapita asubuhi kadhaa Jairo akiishia mlangoni, na hakuna aliyemgusa Magige. Bernadetha alimlisha kwa mkono wake mwenyewe. Uji wa hospitali aliuonja kwanza. Vidonge alivigeuza kwenye kiganja, akamwuliza muuguzi mara tatu ni vya nini. Alilala na jicho moja. Magige alikuwa kimya, uso umekauka, jasho linamtoka hata asubuhi ya baridi, na Bernadetha akaona jasho hilo ni ushahidi mwingine wa kazi ya Jairo.

Daktari aliporudi, tope likiwa bado limeganda kwenye suruali, alichungulia kwenye lile dirisha, akanusa, akaagiza muhogo wote ukatwe saa ileile. Bernadetha akasema na yeye lazima awepo. Alitaka uovu utakapofunuliwa, awe shahidi. Daktari alikuwa amechoka, akamwacha asimame ukutani.

Jairo akakata plasta kwa ule mkasi mkubwa. Ilipoachia kwenye kigimbi cha kulia, pale kwenye mzizi wa ngozi, kila mtu aliona. Ukingo wa plasta ulikuwa umezama ndani ya nyama. Mguu ulivimba baada ya operesheni, kama miguu yote inavyovimba, plasta ikabaki palepale, na ukingo wake ukakaa juu ya mzizi, ukaukandamiza, ukaikata damu iliyokuwa inapita kwenda ng'ambo. Chini yake palikuwa na kidonda kirefu, kibichi, kimechimbika mpaka unaona uweupe wa ndani.

Jairo aliweka mkasi chini. Plasta ile aliifunga yeye. Uso ulimshuka, na Bernadetha akauona unashuka, akavuta pumzi ya ushindi. Alikuwa tayari kusema. Daktari akamwahi.

Hakuwa anasema naye, alikuwa anasema na Magige. Alimwambia kidonda hiki si cha jana, kimeanza siku za mwanzo kabisa. Akamwambia ngozi inayohamishwa yenyewe haisikii, lakini hapa ni kigimbi chake, kina fahamu zake zote, na mtu aliyebanwa hivi hawezi kulala, hawezi kula, anahisi anakatwa na msumeno usiku na mchana. Akasema kwa wagonjwa weupe daktari anaweza kuona kwa macho tu damu inapopungua. Ngozi nyeusi kama yetu inaficha, huonyesha ikiwa imechelewa. Ndiyo maana wanauliza. Mgonjwa ndiye jicho lao.

"Hukusikia maumivu?" akauliza.

Magige alitazama dari. "Nilisikia."

"Tangu lini?"

"Tangu siku niliyozinduka."

"Jairo hakukuuliza?"

"Aliniuliza kila asubuhi."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Kijana akalamba midomo. Midomo ilikuwa imempasuka mahali alipokuwa anaing'ata, na Bernadetha hakuwa ameiona mpaka saa ile, yeye aliyeona kila kitu.

"Ningesemaje," Magige akasema, "na mama alikuwa ananitazama?"

Hakusema kwa kulaumu. Afadhali angelaumu. Alisema kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda sokoni. Jairo hakumtazama Bernadetha, daktari hakumtazama, na yeye akabaki pale ukutani, hana tena wa kumshitaki. Akakumbuka kila asubuhi: Jairo anauliza, yeye anainua uso, mtoto anamtazama, mtoto anasema hapana. Akaona aibu. Akaona na hofu, kubwa kuliko aibu, kwa sababu alijua sasa ni mikono gani iliyokuwa karibu kuukata mguu ule.

Ngozi iliyokufa ikaondolewa. Kidonda kikaoshwa siku nyingi kwa maji ya chumvi. Magige akalishwa mayai na maharage na maini mpaka akayachoka. Daktari akapima kigimbi kwa vidole, akasema juu kidogo ya pale pa kwanza pana nafasi ya kipande kimoja kingine. Kimoja tu. Baada ya hapo hatakuwa na mahali pengine pa kukata ila chini ya goti.

Operesheni ya pili ikafanyika. Safari hii Jairo aliweka pamba nyingi, akakata dirisha kubwa zaidi, akapitisha kidole kuzunguka ukingo wote. Lakini mguu ukitaka kuvimba huvimba, na pamba si mtu wa kusema.

Kabla ya asubuhi ya kwanza, Bernadetha alimwinamia mwanawe, akamwambia kwa Kikurya kwamba wakimwuliza, aseme. Kama panauma, aseme panauma. Magige alimtazama muda mrefu. Bernadetha alilijua jicho hilo. Lilikuwa jicho lake mwenyewe, lile alilomtazamia Jairo wiki zote hizo, jicho la mtu anayetafuta mtego umefichwa wapi.

Jairo akaja na trei. "Panauma?"

Magige akageuka kumtazama mama yake. "Hapana."

"Magige," Bernadetha akasema, "sema."

"Nimesema."

"Mura, kijana wangu, nimekuruhusu."

Basi kijana akamwambia polepole, kwa lugha yao, Jairo asielewe: "Unanipima mbele ya watu, mama. Nimekuelewa. Sitakuaibisha."

Bernadetha alitaka kumwapia, akajua hata kiapo Magige angekiona ni sehemu ya mtihani. Mtoto alifundishwa vizuri. Alifundishwa na yeye, tangu akiwa hajui kufunga suruali: anguka, usilie, ungua, usilie, mama akikwambia lia, hapo ndipo usilie kabisa. Leo angemwambiaje kwamba mtihani umekwisha?

Akainuka. Akakunja mkeka wake. Dorka, aliyekuwa anamvalisha Abonyo tayari kwenda nyumbani, akamwuliza anakwenda wapi. Bernadetha alikuwa ameshafika mlangoni. Akamfuata Jairo mpaka koridoni, na kumfuata kule kulimgharimu, maana hakuwa amemwomba mtu huyo hata maji.

"Nikiwa mle ndani hatasema," akamwambia. "Natoka. Mwulize nikiwa sipo. Mwulize tena na tena. Mwambie nimekwenda mbali, nimekwenda Nyanungu."

Jairo akamkazia macho. Ilionekana wazi anajiuliza ni hila gani hii mpya, na jambo hili litamgeukiaje kesho. Akauliza kwa nini anamwambia yeye na asimwambie muuguzi.

"Kwa sababu wewe ndiye unayefungua," Bernadetha akasema. "Yule mtoto akilia, unafungua. Nilikuona."

Jairo akarudi ndani, na mlango ukafungwa.

Nyuma ya hospitali palikuwa na banda la jiko ambako jamaa za wagonjwa hupika. Siku hiyo palikuwa na wanawake watano sita, Wakurya wengi wao, na katikati yao Philomena wa Itiryo, mwanamke mnene wa kucheka, ambaye mumewe alilazwa kwa tumbo. Philomena alimjua Bernadetha. Alimjua kwa sifa ya mwanawe, kama wengine wote, akampisha mahali pazuri penye kivuli na kumwuliza hali ya yule shujaa. Bernadetha akasema anaendelea. Akakaa pale dirisha la chumba cha pembeni lilipo juu ya kichwa chake, akashika kuni ambayo hakuitia motoni.

Ndani kulikuwa kimya. Aliisikia sauti ya Jairo, ya chini, halafu kimya. Sauti ya Jairo tena. Kimya tena. Philomena alikuwa anasimulia habari za mwenyekiti wa kijiji chao, wanawake wanacheka. Bernadetha alicheka nao mahali ambapo haikuwa ya kuchekesha. Akawaza labda Jairo ameuliza mara moja na kwenda zake. Akawaza labda Magige hataamini kwamba mama yake ametoka, anadhani amejificha nyuma ya mlango. Je, angeiua ngozi ya mtoto mara ya pili?

Ndipo kilio kikatoka.

Hakikuwa kilio cha adabu. Kilikuwa kilio kilichokaa ndani ya mtu miaka, kimetafuta njia, kimeipata. Kilipasua dirisha, kikashuka bandani, na wanawake wote wakanyamaza. "Panauma! Jairo, panauma, toa! Toa, inanikata!" Halafu haikuwa maneno tena, ni sauti tu, sauti nene ya mwanamume inayolia kama ya mtoto. Ikasikika mtu anakimbia koridoni. Ikasikika plasta inakatwa.

Philomena alikuwa wa kwanza kupata sauti yake. Akaangalia juu dirishani, akacheka kwa mshangao, akauliza ni mwanamume gani huyo, na ni mama gani aliyemlea.

Bernadetha akafungua mdomo. Uongo ulikuwa pale, tayari, umeshavaa nguo: ni yule mtoto wa Dorka. Lakini Abonyo alikuwa amesimama uani, mkono wake umefungwa kitambaa safi, anatafuna muwa, anatazama dirisha kama wengine.

Mlango wa nyuma ukafunguka, Jairo akatoka. Mikono ilikuwa nyeupe kwa unga wa plasta, jasho linamtiririka. Hakumtafuta, alimwona mara moja. Akaja mpaka banda la jiko, mbele ya wanawake wote.

"Ilikuwa imeanza kubanwa palepale," akasema. "Na damu ilikuwa imevia chini, nimeitoa. Nimebonyeza, rangi imerudi. Amesema kwa wakati, mama."

Bernadetha akashika nguzo ya banda. "Naweza kuingia?"

Jairo akasita. "Bado nakata. Anaomba usiingie. Anasema ukiingia atanyamaza."

"Basi siingii. Nenda."

Jairo akageuka, akarudi mbio. Haikupita muda, kilio kikaanza upya, kikubwa kuliko cha kwanza, na sasa Magige alikuwa anamwita Mungu na mama yake na kutukana plasta, yote kwa pamoja. Philomena alikuwa hacheki tena. Alikuwa anamtazama Bernadetha kwa huruma, ile huruma ambayo ingemfuata mpaka kisimani Nyanungu, mpaka sokoni, mpaka kaburini, na akamwuliza kwa sauti ya chini, kama anayempa nafasi ya kukana, huyo ni nani.

Machozi yalikuwa yanamtoka Bernadetha na hakuyafuta.

"Ni wangu," akasema, kwa sauti ya kusikika na banda zima. "Ni Magige, mwanangu. Mwacheni alie."